Seli hujuaje pa kukomea? Funzo kutoka kwa virusi vya o'nyong-nyong

KAMPALA – Mwaka 1959, wakazi wa kaskazini mwa Uganda walikumbwa na homa iliyoambatana na maumivu makali ya viungo. Waacholi waliiita o'nyong-nyong, yaani kudhoofika kwa viungo. Virusi vyake vilitambuliwa na watafiti wa Entebbe, na mlipuko huo uliwapata watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Mwaka 1996 ugonjwa ulizuka tena, safari hii kusini mwa nchi.

Siri mojawapo ya virusi hivyo imo katika namna seli inavyomaliza kutengeneza protini. Ribosomu husoma ujumbe wa RNA herufi tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu, liitwalo kodoni, hutaja asidi amino ya kuunganishwa. Lakini kodoni UAA, UAG na UGA kwa kawaida hazitaji asidi yoyote. Ni mfano wa nukta inayofunga sentensi.

Nukta hiyo hukaguliwa na protini iitwayo eRF1, ikisaidiwa na eRF3. Kodoni ikilingana nayo barabara, eRF3 hutumia nishati ya GTP, kisha eRF1 hujigeuza na kuuachilia mnyororo wa protini kwa msaada wa molekuli ya maji. Isipolingana, kwa kawaida eRF1 hubanduka kabla ya hatua hiyo. Ndiyo maana makosa ni nadra. Mnyororo ukikatwa mapema, protini huwa pungufu. Nukta ikirukwa, protini huongezewa mkia usiohitajika.

Hata hivyo, nukta zote hazina nguvu sawa. UGA ikifuatwa na herufi C, ribosomu huweza kupitiliza mara chache. Virusi vya o'nyong-nyong hunufaika na upenyo huo: baada ya UGA ndipo yalipo maelekezo ya nsP4, kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi, ambacho huhitajika kwa kiasi kidogo tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba UGA ilipobadilishwa kuwa kodoni ya asidi amino, uwezo wa virusi kuambukiza mbu aina ya Anopheles gambiae ulipungua. Kwa hiyo, nukta isiyokaza sana huvisaidia virusi kuenea.

Mbu hao ndio pia waenezao malaria. Chandarua kinachozuia malaria, basi, humkinga mtu na magonjwa yote mawili.