Parechoki ya Chuma ao ya Plastiki: Nani Anabeba Kishindo?

Unajua maneno ambayo watu wanasema barabarani kila mara motokari mbili zinapogusana. "Angalia hizi za siku hizi, ni plastiki tu! Za zamani ndizo zilikuwa motokari." Wazee wanapenda sana kusema hivi, na vijana wanaitika. Motokari ya zamani yenye parechoki ya chuma inagonga ukuta wa parsele polepole, shofere anashuka, anapangusa vumbi, anaenda zake. Ile ya plastiki inapasuka na feza inatoka. Basi chuma kimeshinda?

Ngoja kwanza. Kishindo hakipotei bure. Motokari inayotembea iko na nguvu ndani yake, na wakati wa kugonga nguvu ile lazima iende mahali. Chuma kigumu kilichofungwa na buloni kwenye shasi hakiipunguzi sana, kinaipitisha tu: inaenda kwenye shasi, kwenye shingo ya aliyekaa ndani, ao kwa yule aliyegongwa. Tena, vitesi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne. Kwa hiyo yale uliyoona kwenye ukuta wa parsele hayakufundishi kitu juu ya barabara ya Likasi.

Wenye kutengeneza motokari walihangaika na jambo hili siku nyingi. Katika Ufaransa, Renault 5 ilitoka mwaka wa 1972 ikiwa na parechoki za plastiki, zenye kuvumilia kuguswa-guswa mjini. Marekani wao walichagua ugumu: motokari za mwaka wa 1973 zilipaswa kugonga kizuizi kwa kilomita 8 kwa saa, na taa na vyombo vingine vya usalama visiharibike. Parechoki zikawa nzito sana. Mwaka wa 1982 wakashusha kipimo hicho mpaka kilomita 4.

Sasa, ile plastiki unayoona leo ni ngozi tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu ao plastiki nyingine ya kubonyea, na nyuma tena boriti ya chuma ao ya aluminiumu. Ngozi inajikunja na kurudi, sponji inabonyea, boriti inapokea inayobaki. Na hapa ndipo watu wanadanganyika. Motokari zinagusana, mashofere wanaangalia, ngozi imerudi mahali pake, wanapeana mkono: "Hakuna kitu, kaka." Siku mbili kisha radiateri inamwaga maji, na ugomvi unaanza, hata kati ya watu wa kanisa moja. Mbele ya kupeana mkono, fungueni kapo. Angalieni kama maji yanadondoka, kama taa zinatikisika, kama kapo inafunga sawasawa.

Vilevile usilie sana juu ya ngozi iliyopasuka. Fundi mwenye mkono mzuri anaishona kwa waya na chuma cha moto. Mimi naogopa zaidi motokari ya okazyo yenye ngozi nzuri na rangi mpya, lakini boriti iliondolewa zamani. Ukitaka kununua, mwambie fundi achungulie nyuma ya plastiki. Muuzaji akikataa, umekwisha kupata jibu.

Kuna wengine wanaona dawa ni kusude matiyo makubwa mbele ya basi ao jipu. Inapendeza macho, nakubali. Lakini fikiri juu ya urefu wake. Tiyo ile inampiga mtu mzima kwenye paja, na mtoto anayetoka masomoni inampiga kifuani ao kichwani. Plastiki inabonyea kidogo, tiyo haibonyei. Ndiyo sababu nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka wa 2005 ya kukataza zile ngumu kwenye motokari mpya. Tena kama motokari yako iko na mifuko ya hewa, chuma kilichoongezwa kinaweza kuifanya ifunguke kwa wakati usiofaa.

Sheria ya Musa iliagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Ukingo ule haukuwa wa kulinda nyumba.

Kijana unayefanya kazi ya kusude, mteja akikuletea tiyo, mwambie hayo yote, halafu umpendekezee kunyoosha boriti yake. Kazi ya chuma haitakosa. Kamyo zinazobeba shaba kutoka Kolwezi zinahitaji chuma kigumu nyuma, tena chini, ili motokari ndogo ikizigonga isiingie chini yake mpaka kwenye kioo. Ukiona kile chuma kimekatwa ao kimekunjwa juu, kisude kabla kamyo haijarudi njiani.