KING'AMUA MOSHI: KIFAA KIDOGO KINACHOHITAJIKA MAJUMBANI NA MABWENINI



Safu hii imezoea kuzungumzia maradhi, usafi na lishe. Leo tutazungumzia kifaa kinachobandikwa darini. Sababu ni kwamba mtu aliyevuta moshi wa moto kwa muda mrefu akiwa usingizini, sisi matabibu mara nyingi hufikishiwa akiwa amechelewa, na wengine hawafiki kabisa.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (SAW) alipopata habari hiyo aliwafundisha masahaba kuwa moto ni adui kwao, basi wauzime kabla ya kulala. Katika riwaya nyingine akatahadharisha juu ya panya, kwamba anaweza kuburuta utambi wa taa akaunguza nyumba. Utambi ule kwetu leo ni koroboi, mshumaa, dawa ya mbu ya kuchoma, simu inayochajiwa juu ya godoro, na ekstensheni moja iliyobebeshwa friji, feni na pasi. Taa utaizima kwa kupuliza, lakini waya unaoyeyuka ndani ya ukuta hauupulizi, wala huuoni.

Na misiba tumeiona. Tarehe 14 Septemba 2020 bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, liliungua usiku na watoto 10 wakafariki. Mwezi Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha huko Nyeri, Kenya, liliungua, wakafa wavulana 21. Allah (SW) awarehemu na awape subira wazazi wao.

Watu wengi hudhani kuwa moshi utawaamsha. Si kweli. Mtu akilala fofofo pua nayo hulala. Zaidi ya hapo, godoro la sponji likiungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Badala ya kumwamsha mtu, humzidishia usingizi. Ndiyo maana katika moto wa nyumba wengi huuawa na moshi kabla miali haijawafikia.

King'amua moshi (usikichanganye na king'amuzi cha televisheni) ni kifaa cha duara, kikubwa kidogo kuliko kisosi. Kikinusa moshi hulia kwa sauti kali. Ziko aina mbili. Ya kwanza ina taa ndogo ndani yake. Moshi ukiingia hutawanya mwanga na kengele hulia. Aina hii huwahi kuugundua moto unaofukuta polepole, kama ule wa godoro au waya. Ya pili hutumia chembe ndogo mno ya madini yenye mionzi iitwayo amerisiamu. Huwahi zaidi moto wa miali ya ghafla, lakini hulia ovyo kwa moshi wa mapishi. Kwa vyumba vya kulala mimi nachagua ya kwanza. Unaponunua, tafuta kwenye kifaa chenyewe alama ya EN 14604 au UL 217, na tarehe ya kutengenezwa. Kisicho na tarehe kiache dukani. Na usidhani ni lazima uwe na umeme, kwani viko vya betri, na hivyo havijali kama umeme umekatika.

Jikoni usiweke cha moshi, kitakuchosha. Huko huwekwa king'amua joto, ambacho hakijali moshi bali hulia joto likifika kiwango fulani, mara nyingi nyuzi 57 hivi za Selsiasi, au likipanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Hiki kisiwekwe chumba cha kulala, kwani mpaka joto la darini lifike hapo, aliyelala atakuwa ameshavuta moshi mwingi.

Mahali pa kukifunga ndipo wengi wanapokosea. Moshi hupanda juu kisha hutambaa darini, hivyo pahala pake ni katikati ya dari, angalau sentimita 30 kutoka ukutani, kwa sababu kwenye pembe hewa hutuama na moshi huchelewa kufika. Kiwe mbali na dirisha, angalau mita moja kutoka kwenye mapanga ya feni, na mita tatu kutoka kwenye jiko. Katika nyumba zetu za vyumba sita vinavyotazamana, weka kimoja kwenye ukumbi wa katikati kabla ya kingine chochote, kisha kila chumba kipate chake kadiri uwezo unavyoruhusu. Nyumba ya ghorofa iwe nacho kila ghorofa.

Tatizo kubwa liko kwenye nyumba na mabweni yasiyo na dari, yaani ukitazama juu unaona bati. Bati likipigwa na jua, hewa ya moto hujikusanya chini yake na kuuzuia moshi usifike juu kabisa. Tena vifaa vingi vya nyumbani havikutengenezwa kuvumilia joto linalozidi nyuzi 40 hivi. Hapo kifunge upande wa chini wa boriti, kisiguse bati, wala kisisukumwe kwenye ncha ya paa. Lakini ukweli ni kwamba dari ingesaidia zaidi, na kamati ya shule inayochangisha fedha za bweni ilihesabu dari kama sehemu ya jengo, si kama pambo.

Akina mama wa pwani watauliza, je, udi na ubani? Ndiyo, chetezo kikiwa chini yake kitalia. Kisogeze chetezo dirishani, au bonyeza kitufe cha kunyamazisha kama kifaa kinacho. Usitoe betri. Betri iliyotolewa siku ya harusi ndiyo hukutwa haipo siku ya msiba.

Kukijaribu ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe mpaka kilie, kila mwezi. Kwa nyumba ya Kiislamu hakuna kikumbusho kizuri kuliko mwezi mwandamo: ukisikia habari za kuandama, chukua ufagio ubonyeze kwa mpini. Usikijaribu kwa kuwasha karatasi, wala usipulizie dawa ya mbu karibu yake. Ukisikia mlio mfupi, "tii", unaojirudia kila baada ya muda mfupi, hiyo ni betri inaisha. Ibadilishwe siku ile ile. Betri za kawaida zibadilishwe kila mwaka hata kama hakijalia. Vumbi, utando wa buibui na wadudu huingia ndani, hivyo kipanguswe kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Mafundi rangi waambiwe wasikipake. Na kikifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa kiondolewe, hata kama kitufe bado kinalia, kwa sababu kitufe hupima kengele na umeme wake, hakipimi uchakavu wa kile kinachonusa moshi.

Kifaa hiki hakisikii kaboni monoksaidi peke yake. Anayeingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha asitegemee kitamwamsha, kwani mkaa ulioshika vizuri hauna moshi wa kutosha kukiliza. Jiko lilale nje.

Sasa niwageukie masheikh na walimu wenye watoto wa bweni. Kengele ni kama adhana: inaamsha, haimfikishi mtu msikitini. Imeonekana kwamba watoto wadogo wengi hawaamki kwa mlio huo mkali hata ukilia juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo lazima awepo mtu mzima anayelala hapo hapo, kengele zote ziunganishwe ili kikilia kimoja vilie vyote, na mtu huyo aweze kumfikia kila mtoto. Kisha mlango. Mabweni mengi hufungwa kufuli kwa nje kuzuia wezi na utoro, na madirisha yana nondo. Hapo kengele itawaamsha watoto waje kusimama nyuma ya mlango. Mlango wa bweni ufunguke kwa ndani bila ufunguo, uwe na mwenzake upande wa pili, na angalau dirisha moja liwe na nondo za kufunguka. Hofu ya utoro ina dawa nyingine, nayo ni mlinzi getini.

Fanyeni zoezi muhula huu. Usiku mmoja, saa moja hivi baada ya watoto kulala, mlezi abonyeze kitufe. Mwingine asimame nje na saa, ahesabu muda mpaka mtoto wa mwisho atoke, na aandike majina ya ambao hawakuamka. Hao wahamishiwe vitanda vya karibu na mlezi. Namba ya Zimamoto kwa Tanzania, 114, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, nje ya bweni, mahali ambapo aliyetoka mbio ataiona.