Shavu la Mguu Linapouma Ghafla

Leo tuzungumzie mnofu ulio nyuma ya mguu, kati ya goti na kisigino, tunaouita shavu la mguu.

Hapa Githongo njia tambarare ni chache. Ukitoka mtoni na mtungi wa lita 20, ni kilo 20 unazopandisha mlima. Kila hatua kisigino kinashuka, vidole vinaelekea juu, halafu shavu hilo hilo linatakiwa likusukume mbele. Yaani msuli unavutwa na papo hapo unajikaza. Ukiteleza kwenye matope ya shamba la majani chai huku goti limenyooka, nyuzi zake zaweza kukatika. Huumia zaidi upande wa ndani.

Wengi husema walidhani wamepigwa jiwe kwa nyuma. Wakigeuka, hakuna mtu. Baadaye panavimba. Hii si sawa na msuli kukakamaa usiku, kwani huo hulegea kwa dakika chache ukiunyoosha mguu.

Siku 2 au 3 za kwanza pumzisha mguu, uinue juu ya mto, na uweke kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Maji yetu ya mlimani yanatosha, huhitaji friji. Usikande kwa maji moto wala usichuliwe. Najua nyanya ana mafuta yake, lakini kuchua mapema huzidisha damu kuvia ndani. Jeraha dogo hupona kwa wiki 2 au 3. Kubwa huchukua wiki 6 au zaidi, kwa hiyo maji achote mwingine, hata kama ni baba. Usipoweza kusimama kwa vidole, nenda hospitali, huenda kano nene ya kisigino imekatika. Na mwenye mimba asinunue dawa ya maumivu kabla ya kuuliza.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mama mjamzito, au aliyejifungua majuzi, akivimba mguu mmoja, ukauma na kuwa na joto bila kuteleza wala kujikwaa, asidhani ni msuli. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari huwa kubwa zaidi wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, hasa kwa aliyezalishwa kwa upasuaji. Mguu huo usichuliwe kamwe, maana donge la damu laweza kung'oka likaenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikikubana au pumzi zikikupungukia, usingoje kupambazuke. Mwamshe jirani mwenye gari.