Kafeini iliondolewaje katika kahawa yako?

Iwapo daktari amekushauri upunguze kahawa, ama wewe ni mama mja mzito, huenda umewahi kusimama dukani ukitazama mkebe wa kahawa iliyoondolewa kafeini. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini unajiambia afya haina bei. Unalipa na kwenda zako. Je, umewahi kujiuliza kafeini hiyo ilitolewaje ndani ya buni bila ladha kutoka pamoja nayo?

Mwanzo wake haupendezi. Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa Bremen, Ujerumani, aliyeanzisha kampuni ya kahawa ya aina hii mwaka 1906, alikuwa akilainisha buni kwa mvuke na maji ya chumvi, kisha anaiosha kwa benzini. Leo inajulikana wazi kwamba benzini husababisha saratani ya damu. Wanywaji waliikimbia kafeini wakaangukia mikononi mwa adui mkubwa zaidi!

Baadaye viwanda viligeukia kemikali iitwayo methileni kloridi, ambayo ingali inatumiwa hadi leo. Usishtuke. Kemikali hii huchemka kwa nyuzi 40 pekee za Selsiasi, ilhali kahawa hukaangwa kwa nyuzi zipatazo 200, kwa hivyo kinachobakia ni kidogo mno. Sheria za Marekani haziruhusu mabaki yazidi sehemu 10 katika milioni. Aliye hatarini zaidi ni mfanyakazi wa kiwandani anayeivuta mvuke wake kila siku, na huyo aghalabu husahaulika tunapozungumzia usalama wa chakula.

Ufumbuzi ulitokana na gesi unayoitoa puani kila unapopumua, ile ile inayotoa povu kwenye soda: kaboni dayoksaidi. Mwaka 1967 Kurt Zosel, mwanakemia wa taasisi ya Max Planck mjini Mülheim, Ujerumani, aligundua kwamba gesi hii inaweza kutoa kafeini. Ikipashwa moto kupita nyuzi 31 na kushindiliwa kwa kani inayozidi mara 73 ile ya hewa ya kawaida, huwa si gesi tena wala si majimaji. Hupenya ndani ya buni mbichi iliyoloweshwa kama inavyopenya hewa, na huyeyusha kafeini kama afanyavyo maji kwa sukari, huku sehemu kubwa ya vitu vinavyoipa kahawa ladha ikiachwa mahali pake. Kisha kafeini hutenganishwa na gesi hurudishwa kazini. Hata kafeini yenyewe haitupwi. Huuzwa kwa watengenezaji wa dawa na soda.

Mbona basi njia hii haijaenea kote? Jibu ni pesa. Mitungi inayostahimili kani kama hiyo ni ghali mno.

Suala hili haliishii kwenye kahawa. Mafuta mengi ya soya ya kupikia hutolewa kwa heksani, kemikali itokanayo na petroli. Huondolewa kwa joto kabla ya mafuta kufika kwako, na nchi za Muungano wa Ulaya zinaruhusu miligramu moja pekee katika kila kilo ya mafuta. Lakini kuivuta kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu. Ndiyo sababu wataalamu kama Farid Chemat, wa Chuo Kikuu cha Avignon, Ufaransa, wanatafuta njia safi zaidi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa mafuta yenye harufu ya mrehani, mnanaa na majani ya thaimu kwa maikrowevu, bila kuongeza kemikali wala hata maji. Unyevu wa majani yenyewe ulitosha. Kazi iliyohitaji saa nne na nusu kwa kuchemsha ilichukua nusu saa.

Ukienda dukani tena, soma maandishi ya mkebe. Wanaotumia maji au kaboni dayoksaidi kwa kawaida hujigamba kwa kulitaja jambo hilo, wengine hunyamaza. Kumbuka pia kwamba kafeini haiishi kabisa, hubaki miligramu chache kwa kikombe. Nawe mama mja mzito, Shirika la Afya Duniani linawashauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze. Katika hesabu hiyo usisahau chai, kwa sababu nayo ina kafeini, hata ikiwa imejaa maziwa.