Dirhamu Tatu za Ibn Sina

Ibn Sina, kijana aliyekwisha kusoma udaktari, hesabu na mantiki, alishindwa na kitabu kimoja: Metafizikia ya Aristotle. Alikisoma mara 40 hadi akakihifadhi kichwani, asijue kinasema nini. Alasiri moja, katika soko la wauza vitabu, dalali akawa ananadi kitabu cha falsafa. Ibn Sina akakikataa, maana elimu hiyo aliona haina faida. Dalali akamsihi akichukue kwa dirhamu tatu tu, maana mwenye kitabu ana shida ya pesa. Akakinunua. Kumbe ni kitabu cha mwanafalsafa al-Farabi kinachoeleza makusudio ya Metafizikia! Alikimbilia nyumbani kukisoma, fundo likafunguka, na kesho yake akawatolea maskini sadaka nyingi. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe.

Dirhamu yenyewe ni drakhme ya Wagiriki iliyovaa kanzu ya Kiarabu. Ndivyo ilivyo pia kwa falsafa, kutoka philosophia; kwa kanuni, kutoka kanon, yaani fimbo ya kupimia; na kwa jinsi, kutoka genos, neno ambalo Aristotle alilitumia kupanga vitu katika makundi. Msemaji wa Kiswahili hutamka maneno hayo kila siku bila kujua yametoka mbali kiasi gani.

Nayataja kwa sababu kuna hadithi iliyozoeleka: Wagiriki waliwaza, dunia ikalala miaka elfu moja, kisha Italia ikaamka. Siikubali. Vitabu vya kale viliandikwa kwa mkono juu ya mafunjo na ngozi, na kisichonakiliwa kilioza. Aristotle alikufa mwaka 322 KK. Tukimsoma leo, ni kwa sababu katika kila zama alipatikana mtu aliyeona taabu ya kumnakili inafaa.

Mmoja wa watu wa kazi hiyo alikuwa Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873. Kabla ya kutafsiri alikusanya nakala nyingi za Kigiriki kadiri alivyoweza, akazilinganisha, akasahihisha moja kwa nyingine, ndipo akashika kalamu. Kitabu cha tabibu Mgiriki Galen kuhusu namna ya kuthibitisha hoja alikisaka Mesopotamia, Shamu, Palestina na Misri mpaka Aleksandria. Aliambulia kama nusu yake, tena huko Damascus, na sura zenyewe hazikufuatana. Leo hata nusu hiyo hatunayo. Vimebaki vipande tu. Mwanawe, Ishaq, ndiye aliyeshughulika zaidi na Aristotle, na mara nyingi maandishi yalipitia kwanza Kisiria, lugha ya makanisa ya mashariki, kabla ya kufika kwenye Kiarabu.

Ulaya ya magharibi wakati huo ilikuwa na Aristotle kidogo sana, hasa vitabu vichache vya mantiki alivyovitafsiri Boethius kabla hajauawa mnamo mwaka 524. Shehena kubwa ilianza kuingia katika karne ya 12, kupitia Toledo, ambako Gerard wa Cremona alitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Maaskofu walishtuka. Mwaka 1210 vitabu vya Aristotle kuhusu maumbile vilipigwa marufuku kufundishwa Paris. Mwaka 1255 vikawa vya lazima chuoni hapohapo. Thomas Aquinas alimwita Aristotle “Mwanafalsafa”, basi, bila jina. Naye Ibn Rushd, kadhi wa Córdoba aliyevifafanua vitabu hivyo, Aquinas alimwita “Mfafanuzi”, hata pale alipompinga vikali.

Kwa Plato mambo yalikuwa tofauti, na hapa sifa ni ya Wagiriki wa Bizanti, waliotunza maandiko yake katika lugha yake. Nakala hizo ndizo zilizofika Italia, na mwaka 1484 tafsiri ya Kilatini ya Marsilio Ficino ikachapishwa Florence: Plato mzima, kwa mara ya kwanza.

Lakini asikudanganye mtu kwamba Mwamko wa Italia uliwafukuza walimu wa Kiarabu. Kati ya mwaka 1550 na 1552, wachapaji wa familia ya Giunta huko Venice walitoa maandiko ya Aristotle kwa Kilatini. Pamoja nayo walichapa ufafanuzi wa Ibn Rushd, aliyekuwa amefariki miaka kama 350 kabla ya hapo.