Kosa ni la Nani? Utambuzi na Urekebishaji wa Hitilafu za Tovuti

Maendeleo ya teknolojia ya habari na mawasiliano yameifanya tovuti kuwa mlango wa ofisi nyingi nchini Kenya. Mjini Ruiru, kando ya barabara kuu iendayo Thika, mwananchi anayetafuta pasipoti au leseni ya udereva aghalabu huanzia katika saiba. Mlango huo ulikwama mnamo Julai 2023, mfumo wa eCitizen uliposhambuliwa kwa kufurikishwa maombi bandia. Eliud Owalo, aliyekuwa waziri mhusika, alithibitisha shambulio hilo na kueleza kuwa hakuna data iliyopotea. Kwa aliyekaa mbele ya kompyuta, hata hivyo, swali lilikuwa moja: kosa ni la nani?

Jibu huanzia katika tarakimu. Seva ikishindwa kutimiza ombi la kivinjari, hutoa msimbo wa tarakimu tatu. Unaoanza na 4 huashiria tatizo katika ombi: 404 ni ukurasa usiopatikana, 403 ni ruhusa iliyokataliwa. Unaoanza na 5 huashiria kuwa seva yenyewe imeshindwa: 500 ni hitilafu ya ndani, ilhali 503 ni huduma isiyopatikana kwa muda, kwa mfano seva inapolemewa. Aonaye 503 hana haja ya kubadili nywila. Hana budi kusubiri.

Fundi stadi hafuati dhana. Kwanza, huijaribu tovuti kwa kifaa na mtandao tofauti ili ajue kama hitilafu ni ya mtu mmoja au ya wote. Pili, husoma batli ya seva, yaani kumbukumbu ya matukio, mithili ya ile ya nahodha. Tatu, huchunguza kilichobadilika karibuni: programu mpya, cheti cha usalama kilichokwisha muda, au jina la kikoa lisilolipiwa ada. Nne, huweka nakala ya akiba, kisha hurekebisha jambo moja moja. Akibadili matatu kwa pamoja, hatajua lililoponya. Mwisho, huandika chanzo na tiba. Katika shambulio la mafuriko, programu yenyewe huenda haina ubovu. Tiba ni kuchuja maombi bandia kabla hayajaifikia seva.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikadhihirika kuwa lugha hii yaimudu kompyuta. Hata hivyo, ujumbe wa hitilafu katika tovuti nyingi ungali wa Kiingereza kikavu. Sentensi kama "Seva imelemewa, tatizo si lako, jaribu tena baadaye" humwondolea mtumiaji hofu na gharama ya kurudia fomu bure.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi hufichua maradhi ya tovuti kwa batli; mwanafunzi wa Kiswahili naye ana wajibu wa kuyafichua kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa.