Umeme wa Rufiji haujafika jikoni

Pita jioni kwenye mtaa wowote wa Mbagala au Manzese, utakuta biashara mbili zikifanyika kwenye mlango mmoja. Ndani ya duka mitungi ya gesi imepangwa, ya kilo 6 mbele, ya kilo 15 nyuma. Nje, juu ya turubai, mkaa umemwagwa na kopo la kupimia limewekwa pembeni. Wateja wengi wanaishia nje. Wamo wenye mtungi nyumbani, tena wengine waliupata kwa nusu bei kupitia mpango wa serikali, ila gesi imekwisha katikati ya mwezi na kuujaza kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja. Kopo la mkaa linanunulika kwa chenji iliyobaki baada ya unga na mboga.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kazi hiyo barani Afrika. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Takwimu ambazo viongozi wetu wamekuwa wakizitaja zinatisha: watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa jikoni, na hekta zaidi ya 400,000 za misitu hupotea kila mwaka, mkaa na kuni vikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Anayeuvuta moshi huo ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Hoja yangu ni juu ya nishati tuliyoichagua kuwa mkombozi. Kwenye majukwaa karibu yote, nishati safi imekuwa na sura ya mtungi wa gesi. Gesi ni bora kuliko mkaa, hilo halina ubishi. Lakini gesi ya mitungini si ile ya Songo Songo wala Mnazi Bay, ingawa wengi huamini hivyo. Ile yetu ni gesi asilia, na sehemu kubwa yake inakwenda kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Nyumba zilizounganishwa kwa bomba bado ni chache. Hii ya mitungi inaletwa kwa meli kutoka nje, inalipiwa kwa dola, na bei yake inapanda kwa mambo yanayotokea mbali kabisa na jiko la Mbagala. Tunampa mwananchi mtungi wa kwanza, kisha tunamwacha peke yake na soko la dunia.

Wakati huohuo tunao umeme wetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, nchi ikiwa imechoshwa na miezi ya mgawo. Mwezi uliofuata vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Vituo vilizimwa kwa kukosa pa kupeleka umeme, na Dar es Salaam ikaendelea kupokea malori ya mkaa kutoka Pwani, Morogoro na Lindi.

Bwawa hilo halikuja bure. Lilijengwa ndani ya Selous, urithi wa dunia, na UNESCO pamoja na wanamazingira wengi walilipinga kwa nguvu. Serikali ilishikilia msimamo wake, miti ikakatwa, maji yakajazwa kuanzia Desemba 2022. Mjadala ule sitaurudia. Ila kwa kuwa tumekwisha kulipa gharama ile, umeme uliopatikana unapaswa kuokoa misitu iliyobaki, ikiwemo ya mabonde ya Kilombero na Ruaha Mkuu ambayo ndiyo inayolilisha bwawa lenyewe.

Umeme una sifa moja ambayo mtungi hauna: unanunuliwa kidogo kidogo. Mwenye shilingi 2,000 ananunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, jioni hiyo hiyo, sawasawa na anayekwenda kununua kopo la mkaa. Na upishi wa umeme wa leo si ule wa koili jekundu unaomaliza uniti ukiangalia. Chukua presha kuka ya umeme. Kuta zake zinahifadhi joto, mfuniko unafungwa kwa mpira usiopitisha mvuke, shinikizo linapanda, na maharage makavu yanaiva kwa kama saa moja. Umeme mwingi unatumika mwanzoni tu. Baada ya hapo jiko linajizima na kujiwasha lenyewe. Sufuria zima linaiva kwa chini ya uniti moja. Maharage, makande na nyama ngumu ndivyo vinavyoirudisha familia kwenye mkaa hata kama ina gesi, maana hakuna anayetaka kumalizia mtungi kwenye maharage. Ugali bado unataka sufuria na mwiko, na sioni ubaya gesi ikibaki kwa kazi hiyo na kwa chai.

Tatizo liko kwenye bei. Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na akizoea kuvuka anahamishiwa kundi la T1, lisilo na nafuu hiyo. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku: taa, televisheni, simu, na friji kama ipo. Mama akiongeza chakula cha mchana na cha jioni, amevuka. Yaani mpangilio uliowekwa kumlinda mnyonge unamwadhibu siku anapoacha mkaa.

Wapo watakaosema umeme unakatika. Ni kweli, na mara nyingi kosa ni la nguzo, transfoma na nyaya zilizochoka, si la upungufu wa maji bwawani; huko ndiko fedha zielekezwe. Wapo pia watakaouliza kuhusu wachoma mkaa. Swali hilo ni zito. Kilosa, vijiji vilivyopimiwa misitu yao na kuvuna mkaa kwa zamu vilipata fedha za madarasa na zahanati, na msitu ukaachiwa nafasi ya kuchipua. Utaratibu huo ulindwe. Ninaoupinga ni mkaa wa kufyeka na kuhama, usio na mwenyewe.

Wizara ya Nishati, EWURA na TANESCO wana uwezo wa kuanza bila kusubiri mkutano mwingine wa kimataifa. Kiwango cha uniti 75 kipandishwe kwa kaya zinazopikia umeme. Presha kuka zikopeshwe, na marejesho yakatwe kwenye LUKU kidogo kidogo. Waanze na mama lishe wa Dar es Salaam, ambao jiko lao haliwezi kupoa mchana kutwa na ambao ndio wateja wakubwa wa lile kopo.